Mbegu Tatu za Ukwaju

Zipu ililia mara moja, ikanyamaza, kisha ikalia tena ikirudi ilikotoka. Bi Mwanakuu aliisikia akiwa bado amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, na adhana ya alfajiri haijatoka msikiti wowote. Hakuwa na haja ya kuinuka akachungulie. Zipu ile aliijua kama ajuavyo kikohozi cha jirani. Ilikuwa ya mkoba mwekundu wa kukimbilia, ule unaovaliwa kifuani na mgongoni kama kizibao, na chumba cha pili mjukuu wake Fadhiya alikuwa akiufunga na kuufungua, akiufunga na kuufungua, kama mtu mwenye safari.

Na safari hakuwa nayo. Hilo ndilo lililomfanya bibi abaki kitandani akisikiliza, asiende kumwambia kitu.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, jua likichomoza, watu wangeanza kukimbia katika milima ya Taita, kilomita hamsini za vijia vya mbuzi na msitu, panda shuka mpaka jioni. Fadhiya alikuwa hajawahi kukimbia mbio ndefu namna hiyo. Alijiandikisha mwaka uliotangulia, yeye na mumewe Sufyan wakiwa wameketi ukumbini wakicheka. Sufyan mwenyewe hakuwa mkimbiaji. Alikuwa karani wa godauni kule Shimanzi, mwenye kitambi kidogo na baiskeli kubwa, na kazi yake katika mambo hayo ilikuwa kumfuata mkewe alfajiri kutoka Ngome ya Yesu mpaka Feri na kurudi, amebeba chupa ya maji na maneno ya mzaha. Walikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya Bi Mwanakuu, na wakirudi asubuhi bibi aliwasikia wakishindana ngazini, Sufyan akitweta zaidi ya yule aliyekimbia.

Kisha ikaja Jumapili moja. Meli ilikuwa imetia nanga, makarani wakaitwa kazini, na adhuhuri lori lililokuwa likirudi nyuma uani likamkuta Sufyan ameinama anaandika nambari ya kontena. Hakuzikwa siku ile. Palitakiwa karatasi, na karatasi ilitaka sahihi, na mwenye sahihi alikuwa safarini. Siku tatu maiti ya mtoto wa watu ililala katika barafu, na siku tatu nyumba ile haikujua iwe ya namna gani. Turubai halikufungwa, sufuria hazikuinjikwa. Bi Mwanakuu hakusahau kwamba siku hizo tatu mchukuzi mmoja wa godauni, Kazungu, mtu wa Rabai na Mkristo, aliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa chumba cha maiti, akienda nyumbani kuoga tu na kurudi. Alipoulizwa, alisema karani wake hakuzoea kukaa peke yake. Jumatano asubuhi sahihi ikapatikana. Wakazika adhuhuri.

Magharibi ya siku ile, watu waliporudi makaburini, Bi Mwanakuu alitoa chupa zake mbili.

Kuhesabu eda ilikuwa kazi yake mtaani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanamke akifiwa na mume, hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na wenyewe wamezoea kuziweka siku mia na thelathini. Kwa sababu mjane hana akili ya kuhesabu, watu husema, hesabu mwachieni Mwanakuu. Chupa moja hutiwa mbegu mia na thelathini za ukwaju, ya pili huwa tupu, na kila magharibi mbegu moja huhama. Ya kwanza ikibaki tupu, mjane huogeshwa, huvishwa nguo mpya, hufukizwa udi, akatoka. Bi Mwanakuu hakuwahi kukosea hata mara moja. Alianza na Fadhiya kama alivyoanza na wote, magharibi ya maziko.

Mbio zilikuwa zifanyike katikati ya eda, kwa hiyo hapakuwa na la kusema. Fadhiya aliutundika mkoba nyuma ya mlango, akalala akitazama ukuta. Hakula ila kwa kulishwa. Bibi yake alimlea tangu mamake alipokufa, akiwa mtoto wa miaka sita, na hata wakati ule hakumwona amezimika hivyo. Kisha mvua za masika zikabomoa njia za milimani, na wenye mbio wakatangaza kwamba hazitafanyika siku ile bali baadaye. Hawakusema lini. Hilo "baadaye" ndilo lililomwinua Fadhiya kitandani.

Akaanza kukimbia ngazi.

Nyumba ilikuwa na ngazi arobaini na moja kutoka mlango wa nje mpaka sakafu ya juu, nyembamba, za mawe na boriti. Fadhiya hakuruhusiwa kutoka, lakini hakuna aliyesema mjane asipande ngazi za nyumba yake. Alipanda na kushuka baada ya sala ya alfajiri na baada ya alasiri, amevaa gauni lake jeupe la eda na kilemba, miguu mitupu ili asisumbue watu. Ngazi ya tatu ilikuwa imelegea, Bi Mwanakuu akaishindilia kwa gunia lililokunjwa mara nne. Kisha akajiwekea kigoda pale juu, na tasbihi yake mkononi, akawa anahesabu mizunguko, kila mzunguko punje moja. Mizunguko thelathini na tatu, mtoto anakunywa maji. Mingine thelathini na tatu, anapanguswa uso.

Bi Zakiya, aliyepanga chini, alipandisha sauti kutoka uani. "We Mwanakuu, huyo wako watwanga nini huko juu tangu alfajiri? Kama ni kisamvu si mtuletee!"

"Akitwanga ni cha kwetu," Bi Mwanakuu alimjibu. "Wewe lala."

Bi Zakiya alinung'unika kwamba katika umri wake wote hakuona eda ya kupigwa mbio. Lakini tangu siku ile akaacha kuweka ndoo zake ngazini. Bi Mwanakuu aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Wiki mbili kabla ya Alhamisi ile, Fadhiya alikuja jikoni na simu mkononi, na damu ilikuwa imemrudi usoni. Siku mpya imetangazwa. Wakazimimina mbegu zilizobaki katika sinia, wakazihesabu kwa kidole pamoja, mjukuu na bibi, kisha wakazihesabu tena. Eda ingekwisha Jumapili. Mbio zilikuwa Jumamosi.

Siku moja. Fadhiya hakulia. Alisema, "Basi," akazirudisha mbegu chupani moja moja.

Bi Mwanakuu hakuridhika. Alijifunga buibui akaenda kwa Maalim Jamaldin, mwenye chuo cha watoto nyuma ya nyumba, akamweleza. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa subira. Akasema eda haivunjwi kwa ajili ya mbio. Hata ikiwa imebaki siku moja? Hata siku moja. Kisha akauliza hesabu imeshikwa na nani.

"Ni mimi mwenyewe, Maalim."

Maalim akatabasamu. "Basi hapo sina la kuuliza."

Na Bi Mwanakuu, Mungu amsamehe, alirudi nyumbani na moyo mzito lakini shingo ameinyoosha.

Basi ndivyo ilivyofika Alhamisi ile, na zipu ikilia gizani. Mkoba ulikuwa unafungwa kwa ajili ya mtu mwingine. Purity, msichana wa Kigiriama anayeuza katika duka la dawa mjini, ndiye mwenzake Fadhiya wa mbio ndefu za Jumapili. Yeye alichelewa kujiandikisha, akawekwa katika orodha ya kungoja. Sasa wenye mbio walikuwa wamesema kwamba asiyeweza kwenda anaweza kumwachia mwenzake nafasi, majina yabadilishwe kwa simu, mwisho Alhamisi saa mbili usiku. Baada ya hapo orodha inafungwa, haifunguliwi kwa yeyote. Fadhiya alikuwa ameamua kumpa Purity nafasi yake, na mkoba wake, na vyote vilivyomo.

Purity alifika baada ya magharibi. Alimpa Bi Mwanakuu shikamoo, akavua viatu mlangoni, na alipoona bibi ameshika birika la moto alimpokea bila kuambiwa. Wakaketi chumbani kwa Fadhiya. Juu ya kitanda, kwenye leso iliyotandikwa, vitu vilipangwa mstari kama vya bibi harusi: tochi ya kufungwa kichwani na betri zake, mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea, koti jembamba la mvua, bandeji, mafuta ya kupaka mapajani yasichubuke, blanketi la karatasi inayong'aa kama fedha lililokunjwa likawa dogo kama leso ya mkononi. Na kipenga. Kile kipenga Bi Mwanakuu hakukipenda tangu siku alipouliza ni cha nini akaambiwa ni cha kupuliza mtu akipotea.

Bibi naye alileta sehemu yake. Fadhiya tumbo lake halikukubali zile paketi za utamu wa dukani, kwa hiyo miezi yote ile walijaribu chakula ngazini: tende zilizotolewa kokwa na kutiwa chumvi, kashata za nazi, na ukwaju uliokandwa kwa sukari na pilipili manga ukafinyangwa vidonge. Bi Mwanakuu aliviweka vyote katika vifuko vidogo, kila kifuko cha saa moja.

Purity alizitazama kashata. "Bibi, hizi ni za mtu mmoja au ni za Taita nzima?"

"Kwani huko milimani hakuna watu? Utagawa."

"Nikigawa nitafika wa mwisho."

"Ufike wa mwisho umeshiba," alisema Bi Mwanakuu, na Fadhiya akacheka. Kicheko kidogo, kikaisha upesi, lakini bibi alikisikia, akamshukuru yule msichana kimoyomoyo.

Fadhiya alimfundisha mwenzake kila mfuko: tochi huku, ili uifikie bila kuvua mkoba, chumvi huku, kipenga hapa begani. Alisema kwa sauti ya mtu anayemkabidhi yaya mtoto. Mwisho akavuta viatu chini ya kitanda. Walivaa nambari moja. Purity alivigeuza, akaona nyayo zimejaa udongo mwekundu uliokauka ukapasuka.

"Hili tope ni la Shimba Hills bado?"

"La Jumapili ile. Sikuviosha."

Purity akavishika vile viatu kwa mikono miwili. "Nakumbuka. Tulishuka saa nne. Tukanunua mahindi ya kuchoma, ukasema moja ni la Sufyan."

"Lilibaki kwenye mkoba," Fadhiya alisema. "Nililikuta baada ya siku nyingi, limekuwa gumu kama jiwe. Vivae hivyo hivyo. Tope litoke hukohuko mlimani, mimi siwezi kulimwaga kwenye karo."

Bi Mwanakuu alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya tende. Jumapili, lilisema neno ndani ya kichwa chake. Halikuwa jambo geni. Nani hakujua kwamba Sufyan alikufa Jumapili? Lakini lilikaa kama mfupa kooni, halipandi halishuki. Aliweka sahani chini, akaenda chumbani kwake, akawasha taa.

Chupa zilikuwa dirishani. Mbegu ya leo alikwisha kuihamisha baada ya sala. Katika chupa ya kwanza zilibaki tatu.

Mbegu tatu. Siku tatu Kazungu alikaa kwenye kiti cha plastiki.

Akaketi kitandani. Miaka thelathini na zaidi, wajane aliowahesabia hata majina yao mengine ameyasahau, na kila mmoja mumewe alikufa akazikwa siku ile ile, au kesho yake kabla jua halijapanda. Kwao kufa na kuzikwa lilikuwa jambo moja. Hakupata hata siku moja kujiuliza eda inaanzia lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu hayakuwahi kuwa mawili. Sasa alijiuliza, na jibu alilijua kabla swali halijaisha. Mjane huwa mjane mume anapokata roho. Eda haingoji kaburi.

Eda ilikuwa imekwisha leo adhuhuri.

Alirudi ukumbini ameshika ukuta. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Fadhiya ameketi kitandani na simu, Purity kando yake akimmulikia kwa ile tochi, kwa kuwa taa ya chumba ilikuwa hafifu. Fadhiya alikuwa anasoma kwa sauti. Jina la anayeacha nafasi. Jina la anayeipokea. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kioo.

Palikuwa na muda. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika arobaini.

Bi Mwanakuu alifungua mdomo. Akaona kipenga begani mwa mkoba. Akaona mtoto wa miaka sita katika kanga ya mamake, mtoto ambaye amebaki naye peke yake duniani, amelala kwenye mawe gizani anapuliza na hakuna anayesikia. Akaona na chupa zake mbili, na wanawake wote wa mtaa wakiulizana, kumbe Mwanakuu hajui hata eda huanza lini. Akajiambia, ngoja nimuulize Maalim kwanza, mambo ya dini hayasemwi kwa kubahatisha. Neno hilo lilikuwa zuri, lilikuwa hata na harufu ya ucha Mungu, akalishika.

"Mtakunywa chai?" alisema.

"Tutakunywa, Bibi," alijibu Fadhiya, na kidole kikashuka.

Purity alipoondoka alimkumbatia Fadhiya kwa muda mrefu, akasema atakimbia pole pole kama mtu aliyebeba mwenzake mgongoni. Gari la wakimbiaji lingeondoka karibu na Ngome kesho yake saa moja asubuhi. Walimsikia akishuka ngazi na ule mkoba, zote arobaini na moja, na kwenye ile ya gunia akapunguza mwendo kama alivyofundishwa.

Usiku ule Bi Mwanakuu hakulala, na hauna la kusimuliwa.

Alfajiri, Maalim Jamaldin alipotoka msikitini, alimkuta Bi Mwanakuu amesimama kwenye mlango wa chuo. Alimsikiliza kama kawaida yake. Kisha akainamisha kichwa.

"Imekwisha, Bi Mwanakuu. Kwa hesabu yoyote utakayoishika, imekwisha jana. Eda ni tangu kufa." Akashusha sauti. "Na kosa si lako peke yako. Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza umeanzia wapi. Sikuuliza kwa sababu ni wewe."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kama angemfokea. Bi Mwanakuu alitamani kumwambia yaliyobaki, kwamba kosa la hesabu si kitu, kwamba lipo la pili ambalo si kosa. Hakuweza. Hilo lilikuwa la mtu mwingine kulisikia kwanza.

Fadhiya alikuwa jikoni akikoroga uji. Mezani pameandaliwa vikombe viwili, na kile cha bibi kimetiwa maziwa mapema kipoe, kwa kuwa meno yake hayapendi moto. Bi Mwanakuu alisimama na buibui lake mwilini.

"Fadhiya. Eda yako imekwisha jana."

Mwiko ukasimama.

Akamweleza. Kufa Jumapili, kuzikwa Jumatano, mbegu tatu. Fadhiya alimtazama, na polepole ule uso ukajaa damu, kama siku ile ya simu. Akatazama saa. Gari bado lipo Ngome, alisema, na hata likiondoka kuna mabasi, na Purity... Kisha akakumbuka. Orodha imefungwa. Jina lake halimo. Purity angemrudishia nafasi hata akiwa mlangoni pa mbio, lakini hata Purity hana tena cha kurudisha, mwenye nafasi ni mwenye jina. Akaketi.

"Lau tungejua jana jioni," alisema, na hapakuwa na lawama katika sauti yake. "Masikini Bibi. Hukujua."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Angeweza kupita hapo, mtoto amemfungulia mwenyewe kwa huruma yake, na duniani asingejua mtu.

"Nilijua," alisema Bi Mwanakuu. "Jana jioni. Kabla hujaandika."

Uji ulianza kutokota. Hakuna aliyeushughulikia.

"Nikiwa nimeishika simu?"

"Ukiwa umeishika."

"Ukaniuliza chai."

"Nikakuuliza chai."

Fadhiya alizima jiko. Alitoka jikoni, na bibi akamsikia akishuka ngazi, sio mbio, hatua moja moja, miguu mitupu. Kisha mlango wa nje ukalia, ule mlango ambao hakuufungua kwa siku mia na thelathini. Hakuogeshwa. Hakufukizwa udi. Alitoka na lile gauni jeupe na ndara za msalani zilizokuwa pale chini.

Bi Mwanakuu alikwenda dirishani. Alimwona anakata kichochoro kuelekea Ngome, mkono ukiparaza ukuta kama mtu asiyeona vizuri. Pale pembeni alisimama akayakinga macho na mwanga. Kisha hakuonekana tena.

Haikuchukua muda Bi Zakiya akapanda mbio, huku amejishika kiuno. Alikuwa amemkuta mjane wa watu njiani, kichwa wazi kidogo, hasalimii. Ni kichaa? Na zimebaki siku ngapi? Mkononi alikuwa ameshika leso mpya, doti nzima, bado imekunjwa, kwa kuwa alitaka kuileta Jumapili.

"Eda yake imekwisha jana," Bi Mwanakuu alimwambia. "Nilikosea hesabu. Na nilipojua, nikaficha ili asiende."

Aliyasema yote mawili, pumzi moja. Alingoja. Bi Zakiya alikuwa na ulimi, na mtaa mzima ungeyajua kabla ya sala ya Ijumaa. Bi Zakiya alimtazama, akaitazama leso, akaiweka mezani kando ya vikombe vya uji.

"Basi mpe leo," alisema. Akashuka, na ngazini alikuwa mkimya.

Fadhiya alirudi alasiri. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Alikuwa amekwenda makaburini, alisema, kisha akatembea mpaka Feri, akapanda kivuko akavuka, akarudi nacho bila kushuka, akavuka tena. Miguu ilimuuma. Ngazi hazikumtayarisha kwa lami, alisema, kwa sauti tambarare, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Alipokea simu ya Purity kutoka njiani, akamtakia heri, hakumwambia lolote. Bi Mwanakuu alimwomba msamaha, akamletea maji ya moto na chumvi ya kukanda nyayo. Alikubali maji. Mkono wa bibi aliusogeza, pasipo nguvu, akakanda mwenyewe.

Kisha akaingia chumbani, na zipu ikalia. Ilikuwa zipu nyingine, nzito, ya begi la nguo.

Wifi yake, dadake Sufyan, alikuwa na chumba kitupu Likoni. Fadhiya alitoka na begi begani, kajitanda ile leso mpya ya Bi Zakiya. Bi Mwanakuu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pale juu ya ngazi, kwa mazoea tu, na tasbihi mkononi haina cha kuhesabu.

"Umekasirika, mwanangu. Una haki."

"Sijakasirika, Bibi." Fadhiya alifikiri kwanza. "Ningekasirika ningekaa tugombane. Mimi nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja. Nilikuwa naamka kwa ajili yake. Sasa nikiamka hapa nitakuwa nasikiza tu hatua zangu mwenyewe."

"Zitakuwako mbio nyingine. Mwakani."

"Huenda."

Hapakuwa na kitu katika neno hilo. Bi Mwanakuu alikuwa amezoea kulea watu walao kwa kulishwa, akajua anachokiona. Mtoto alikuwa amerudi kutazama ukuta, na safari hii aliyemgeuza ukutani ni yeye.

Fadhiya aliinama, akambusu mkono, kwa sababu alilelewa hivyo na hakuweza kufanya vingine. Akashuka. Bi Mwanakuu alihesabu bila kutaka. Alipofika ile ngazi ya tatu kutoka chini, hatua zilisimama. Pakasikika mchakacho. Bi Mwanakuu alijivuta akachungulia kwenye kiza cha ngazi, akamwona ameweka begi chini, amechuchumaa, analirudisha gunia mahali pake, maana lilikuwa limesogea tangu asubuhi. Alilikunja mara nne. Akalishindilia kwa kisigino, akalijaribu kwa uzito wake wote, ili mwanamke mzee atakayeshuka peke yake asianguke.

Kisha akafungua mlango, na mwanga wa kichochoro ukaingia.

Bi Mwanakuu alishika boriti. Alitaka kuomba msamaha, lakini alikwisha kuomba na haukuwa mzigo wa kumtwika tena. Alitaka kusema kwamba yeye leo hatafagia, maana msafiri akifagiliwa nyuma yake harudi. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, akaogopa haitafika chini.

"Fadhiya. Njoo tena unione, mwanangu. Hata ukija kupanda ngazi tu."